Mgeni Njoo: Mganda na Kihoda, kutoka Milima ya Mbinga hadi Ufuko wa Nyasa

Taasisi kongwe za kusini mwa Tanzania zinajua mwaka wa kuzaliwa kwao. Misheni ya Peramiho huhesabu kuanzia 1898, ya Kigonsera 1899, na NGOMAT, ushirika wa wakulima wa Ungoni na Umatengo, kuanzia 1936. Kila moja ina jengo, muhuri na kabati la majalada, kwa hiyo jubilei yake haina ubishi: tarehe inajulikana, fulana zinachapwa, risala inasomwa. Mganda na kihoda hazina hata kimoja kati ya hivyo. Mganda ni ngoma ya wanaume wanaojipanga kwa safu na kuimbia ndani ya vibuyu. Kihoda, ambayo pande nyingine za Ziwa Nyasa huitwa kioda au chioda, ni ya wanawake. Zote mbili zimechezwa kwa vizazi katika vijiji vya Umatengo, yaani milima ya Mbinga, na vya ufukweni, bila kusubiri idara yoyote ya utamaduni. Nadhani zinastahili kuandikiwa historia kama taasisi nyingine yoyote, na kwamba kinachozifanya kuwa taasisi ni mwaliko. Kijiji kilialika kijiji. Mgeni alikuja na mtindo wake, akala, akacheza, akafundisha bila mtu kumwita mwalimu, kisha akaondoka akiwa na deni la kuwaalika wenyeji wake msimu mwingine. Ukiufuata mwaliko huo, utaona ngoma hizi zilikotoka, zilivyokua, na kwa nini ilifika siku watu wa Umatengo wakasema mchezo umelala.

Chimbuko la mganda ni la mbali, wala hakuna haja ya kulificha. Miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa walibuni beni, ngoma ya vikundi iliyoiga bendi za kijeshi pamoja na vyeo, sare na gwaride lake. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu beni, alionyesha jinsi Vita Kuu ya Kwanza ilivyoisambaza ngoma hiyo pamoja na askari na wapagazi hadi ndani kabisa ya bara. Ziwa Nyasa lilionja vita hiyo tangu siku za mwanzo. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhafen, yaani Liuli ya leo. Mei 1915 Waingereza walirudi pale pale, na mwaka uliofuata Songea nayo ikaangukia mikononi mwao. Ng'ambo ya maji, wanaume wa Nyasaland, Malawi ya leo, walichukuliwa kwa maelfu kuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, na wapagazi walioitwa tengatenga. Gwaride walilolishwa kwa nguvu wakarudi nalo nyumbani, na huko Nkhata Bay, miongoni mwa Watonga na jirani zao, likageuka kuwa mganda, ambao Malawi leo hujulikana zaidi kama malipenga. Kutoka huko ukavuka ziwa. Haukuletwa na mtawala wala na misheni. Uliletwa na watu waliokuwa na shangazi, wakwe na wateja wa samaki pande zote mbili.

Mabadiliko makubwa yalikuwa katika chombo. Tarumbeta ya shaba ilitoka Ulaya na bei yake haikuwa ya mtu wa kijijini. Kibuyu kiliota shambani. Hukaushwa, hukatwa mdomo, hutobolewa tundu, na tundu hilo hufunikwa kwa utando wa buibui uliobanduliwa kwa uangalifu ili usichanike. Mchezaji hapulizi pumzi tupu. Anaimba ndani ya kibuyu, na utando unapotetemeka, sauti yake hutoka ikiwa na mkwaruzo wa shaba. Kibuyu kikubwa kina sauti nene, kidogo kina nyembamba, na wanaume wakisimama wenye vibuyu vya saizi mbalimbali huku ngoma kubwa ikigonga nyuma yao, bendi nzima imepatikana bila kununua kitu. A. M. Jones, mmisionari na mtaalamu wa muziki aliyekuwa Rhodesia ya Kaskazini, aliona mganda unastahili makala ya kitaalamu tangu 1945, wakati ambapo wenzake wengi bado waliziona ngoma hizi kama kelele.

Hapa huja pingamizi la kwanza, na ni la watu makini. Wanasema: ngoma yenye kaptura nyeupe, soksi ndefu, filimbi na wakubwa wanaoitwa kwa vyeo vya Kizungu ni kasumba iliyotiwa midundo, Mmatengo na Mnyasa wana ngoma za asili, tuzienzi hizo. Pingamizi hili lina ukweli kuhusu mavazi, lakini linakosea kuhusu maana ya kujifunza. Hakuna kikundi cha mganda kilichowahi kumtii afisa wa kikoloni kwa sababu ya kucheza. Cheo katika mganda kilitolewa na wanakijiji kwa mwanakijiji, na kiliweza kuondolewa. Msomaji akumbuke pia kwamba jeshini mtu hufundishwa hatua ili afanane na wenzake, ilhali katika mganda kikundi kilijifunza hatua za wageni ili mwakani kiwashinde kwa hatua mpya. Ngoma isiyokopa haikuwa na nafasi ya kushinda. Kama kukopa ni kasumba, basi kahawa ya Mbinga nayo ni kasumba, maana nayo ililetwa na wageni, na sijasikia mtu akishauri ing'olewe.

Kikundi chenyewe kilikuwa na muundo ambao katibu wa chama chochote angeutambua. Kulikuwa na mkuu, na chini yake wasaidizi waliopanga safu, waliopuliza filimbi ya kubadilisha hatua, na waliokagua usafi kabla ya wachezaji kuingia uwanjani. Upande wa Malawi vyeo hivyo vya ukaguzi viliitwa hata daktari na nesi. Ukaguzi huo haukuwa mzaha. Shati lenye doa lilikiaibisha kikundi kizima mbele ya wageni, kwa hiyo sabuni, pasi ya mkaa na sindano vilikuwa sehemu ya maandalizi sawa na mazoezi ya miguu. Mazoezi yenyewe yalihitaji mtu aliyeona zaidi ya wengine. Katika miaka ya ukoloni watu hao hawakukosekana, kwa kuwa wanaume wa Wilaya ya Songea, ambayo wakati huo ilijumuisha Mbinga, walikuwa wakienda manamba kwenye mashamba ya mkonge. SILABU, shirika la kuandikisha vibarua wa mkonge lililoundwa 1944, liliwahesabu kama mikono ya kukata majani. Kambini, mikono hiyo iliishi na watu wa makabila kumi tofauti na kuona kila aina ya ngoma. Aliyerudi na hatua mpya alikuwa na kitu cha kufundisha, na kijiji kilimpa nafasi ya kufundisha. Mgeni aliyekuja kushindana naye alifundisha kwa njia nyingine: vijana walimtazama siku nzima, na alipoondoka walibaki uwanjani wakijaribu alichofanya, wakikosea, wakikibadilisha, hadi kikawa chao.

Kihoda ndipo hoja hii inapopata uzito wake, kwa sababu wanawake walikuwa na nafasi chache zaidi za kusafiri. Mwanamume aliweza kwenda Tanga au Afrika Kusini na kurudi na habari. Kwa mwanamke wa Umatengo, ambaye kwa kawaida ndiye aliyebeba sehemu nzito ya kilimo, kikundi cha kihoda kilikuwa sababu halali ya kufunga safari na wenzake, kulala kijiji kingine, kusikiliza nyimbo za watu wengine na kurudi na zake. Kitambaa kilinunuliwa kwa mchango ili wote wafanane. Nyimbo zilitungwa upya, kwa kuwa wimbo wa mwaka jana mbele ya wageni walewale ni aibu. Zilisifu, zilitania, na mara nyingi zilisema jambo ambalo mwanamke peke yake asingethubutu kulisema barazani. Wapiga ngoma mara nyingi walikuwa wanaume, jambo ambalo mtu anaweza kulitumia kudai kwamba kihoda ni mkia wa mganda. Lakini anayepiga ngoma hafuati matakwa yake. Anamfuata anayeongoza hatua, na hatua zilikuwa mikononi mwa wanawake.

Kuna watakaosema kwamba jina la taasisi ni kubwa mno kwa kikundi kisicho na daftari la mahudhurio. Tutazame kwingine kabla ya kukubali. Mombasa, vyama vya lelemama vya wanawake Waislamu, ambavyo Margaret Strobel aliandika habari zake katika kitabu chake cha 1979, vilikuwa na vyeo, michango, sare na ushindani mkali, na ndani yake wanawake walijifunza kuongoza watu. Dar es Salaam, TANU ilipotaka kuwaandikisha wanawake mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed hakuanza na mitaa isiyo na mpangilio. Alitoka mwenyewe katika kikundi cha ngoma, na aliwafikia wanawake kupitia viongozi wa vikundi vya namna hiyo, jambo ambalo Susan Geiger alilifafanua vizuri katika utafiti wake wa 1997. Na ng'ambo, huko Alabama, Marekani, wanawake weusi walioshona mablanketi ya viraka kwa vizazi walisajili ushirika wao, Freedom Quilting Bee, mwaka 1966. Kabla ya usajili walikuwa tayari na kila kitu isipokuwa karatasi: mafundi, wanafunzi, mitindo inayojulikana ni ya nani, na desturi ya kukutana. Wamarekani leo hawana shida kuwaita wanawake hao chama, tena chama chenye historia inayowekwa makumbusho. Mama wa kihoda wa Mbamba Bay anayejua mwaka gani walialikwa wapi, nani aliongoza, na ni wimbo gani uliwashinda, anabeba kumbukumbu za kikao kichwani. Tunachokosa sisi ni mwandishi wa kuzichukua, na hilo ni kosa la waandishi.

Mwaliko haukuzaliwa na mganda. Ulikuwepo shambani kabla yake. Umatengo unajulikana duniani kwa ngolo, kilimo cha mashimo kwenye miteremko mikali: mvua zinapokaribia kuisha nyasi hufyekwa, wanaume huzilaza kwa mistari inayokatana, kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi hizo, hadi mlima wote ubaki na mashimo yaliyozungukwa na matuta, yanayozuia maji yasiondoke na udongo. Kazi hiyo ni nzito mno kwa kaya moja. Ndiyo maana kulikuwa na ngokela, ambapo mwenye shamba huwaita majirani, huwalisha na kuwanywesha, naye siku yake ikifika huitikia wito wao. Mganda na kihoda zilichukua kanuni hiyo zikaipeleka kwenye msimu wa kiangazi, mazao yakiwa ghalani, na zikaipanua kutoka kaya hadi kijiji. Milima ilikuwa na mahindi na maharage. Ufuko ulikuwa na muhogo na usipa. Mgeni aliyeteremka kutoka milimani kwenda ziwani, au aliyepanda, alikula chakula ambacho kwake hakikuwa cha kila siku, na sufuria za wenyeji zilisemwa kwa mwaka mzima, kwa sifa au kwa kejeli.

Kwa hiyo ngoma hizi zilihitaji ziada, na hapa kuna pingamizi zito kuliko yote. Baadhi ya wamisionari walilalamika kuhusu pombe na usiku. Maofisa walilalamika kuhusu muda wa kazi. Na hata leo mzazi mwenye busara anaweza kuuliza kwa nini ng'ombe achinjwe kwa ajili ya wacheza ngoma wa kijiji cha jirani wakati ada ya shule haijalipwa. Siwezi kulipuuza swali hilo, wala sitadai kwamba kila shilingi ilitumika vizuri. Hata hivyo, anayehesabu ng'ombe peke yake anahesabu upande mmoja wa daftari. Kijiji kilichokula kwa wenzake kilirudisha. Kati ya kula na kurudisha, watu walioana, wakauziana mbegu, wakapatana bei ya samaki, wakajua nani ana baiskeli na nani anajua kushona. Benki haikuwepo, bima haikuwepo. Deni la ukarimu lilifanya sehemu ya kazi zote mbili. Na katika nchi yenye mabonde marefu kama ile, ambako safari ya kilomita chache ni kupanda na kushuka kwa saa nyingi, kujuana na watu wa mlima wa pili kulikuwa mali.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwamba mwaliko ndio nguzo ya taasisi hii unatokana na kuanguka kwake. Kahawa ndiyo iliyolipa sare na ng'ombe. Julai 1989 mfumo wa mgawo chini ya mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika na bei ya dunia ikaporomoka. Miaka michache baadaye biashara ya kahawa ya Tanzania ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, MBICU, kilichokuwa kikimpelekea mkulima pembejeo na kununua zao lake, hakikuhimili. Stephen Hill, mtafiti wa muziki aliyeufuatilia mganda Umatengo katika miaka hiyo, aliipa makala yake ya 2000 jina la usemi aliousikia huko: mchezo umelala. Tuuzingatie usemi huo. Vibuyu vilikuwa bado vinaota na buibui hakuacha kufuma. Wazee walikuwa bado wanazijua hatua zote. Kilichokosekana ni uwezo wa kumwambia mgeni karibu na kumlisha yeye na wenzake arobaini kwa siku mbili. Ngoma ambayo ingeweza kuchezwa na wenyeji peke yao isingelala kwa sababu ya bei ya kahawa. Mganda ulilala, maana bila mgeni hakuna wa kumshinda, wa kumuiga, wala wa kumshonea sare mpya.

Watetezi wa serikali na wa matamasha watasema ngoma hizi zimeokolewa. Tangu Nyerere aunde Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, ngoma imekuwa na kiti katika sherehe za taifa; Chuo cha Sanaa Bagamoyo kimefundisha ngoma za mikoa tangu 1981; sikukuu za kitaifa, mbio za Mwenge na matamasha ya Songea huita vikundi kutoka Mbinga na Nyasa. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, Nyerere aliwasuta watu waliojua kucheza dansi za Kizungu bila kujua ngoma za kwao, akataja kadhaa kwa majina. Mganda haumo katika orodha ile. Lelemama imo, nayo ilikuwa ngoma ya vyama na mashindano kama mganda, kwa hiyo nadhani kukosekana kwa mganda ni kwa bahati tu wala hakutokani na dharau. Kwa vyovyote, jukwaa limefanya jambo jema: kijana wa leo ameiona kihoda walau mara moja, na kikundi kilichoalikwa Songea kina sababu ya kununua kitambaa kipya.

Lakini jukwaa linabadilisha nani anamwalika nani, na tofauti hiyo si ndogo. Kwenye tamasha, kikundi kinaletwa kwa gari la mwandaaji, kinapewa dakika chache, kinapimwa na majaji, kinalipwa posho na kurudishwa. Hakina deni kwa yeyote. Kikundi kilichotangulia hakikukitazama vizuri kwa kuwa kilikuwa nyuma ya pazia kikivaa. Upande wa Malawi kuna funzo kali zaidi: Lisa Gilman, katika kitabu chake cha 2009, ameeleza jinsi chini ya Kamuzu Banda wanawake walivyotakiwa kucheza kwenye mikutano ya siasa, wakivaa vitambaa vyenye picha ya kiongozi, na jinsi wengi walivyojikuta hawana nafasi ya kukataa. Mwaliko usioweza kukataliwa ni amri, na anayeitikia amri hana haki ya kumwalika aliyeitoa. Sisemi kwamba matamasha ya kusini yamefika huko, hayajafika. Nasema kwamba anayeyachukua kama mrithi wa mganda anahesabu wachezaji na kuwasahau wenyeji.

Hali ya usafiri, kwa bahati, haijawahi kuwa nzuri kama sasa. Lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imeifanya safari iliyokuwa ya siku nzima wakati wa masika kuwa ya saa chache. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ina ofisi yake ya utamaduni karibu zaidi na vijiji vya ufukweni. Nkhata Bay bado iko ng'ambo ileile, ingawa mpaka wa ziwa umekuwa na mabishano kati ya Dodoma na Lilongwe, na mwalimu wa malipenga anayevuka leo anahitaji karatasi ambazo babu yake hakuziulizwa. Kama halmashauri za Mbinga na Nyasa zinataka kuiadhimisha karne ya ngoma hizi, ziache kwanza habari ya jukwaa na spika. Zichague kijiji kimoja cha milimani na kimoja cha ufukweni, ziwaachie wenyewe wapange nani atatangulia kualika, zilipe lori la wageni na magunia ya unga, zimweke mtu mmoja mwenye kinasa sauti karibu na kina mama wanaopika, kisha mwaka unaofuata zilipe lori la kurudi.